Makazi ya watu Zebaki: ncha, reli au handaki? Nisaidieni kuchagua

MchoraSayari: Wakuu habari zenu. Klabu yetu ya anga ina maonyesho, mi nimepewa modeli ya makazi ya watu Zebaki, Jumamosi naanza kukata mbao. Nimebaki na tatu: kreta (yale mashimo makubwa) za ncha ya kaskazini, mji wa kwenye reli unaofuata machweo, au handaki. Ipi?

Kipimajoto: Watu wangapi? Wanakaa muda gani? Maji wanatoa wapi? Umekuja kuulizia viatu hujasema namba.

MzeeZohali: Kwanza ni Utaridi. Zebaki ni ile iliyoko kwenye jina la huyo hapo juu.

Kipimajoto: Shuleni tumefundishwa Zebaki mzee, tusianze.

Fuko: Chimba. Juu mchana nyuzi 430, usiku 180 chini ya sifuri, hewa ya kushika joto hamna. Shuka mita chache tu hiyo pandashuka huisikii.

Ncha_Kaskazini: Shuka wapi? Ikweta hata chini bado moto. Njoo nchani, sayari imesimama wima karibu kabisa kwahiyo kuna kreta jua halijawahi kugusa sakafu yake. Rada iliona kitu kinang'aa huko tangu 1991, chombo cha NASA cha MESSENGER kikaizunguka sayari 2011 mpaka 2015 kikakuta kweli ni barafu ya maji, mfano kreta ya Prokofiev. Unalala kivulini, paneli za umeme wa jua unaziweka juu ukingoni.

Dereva_wa_Machweo: Reli jamani! Kutoka mchana hadi mchana ni siku 176 za huku kwetu, machweo pale ikweta yanasogea kama kilomita 3.6 kwa saa, hata kwa miguu unayafuata, huungui wala hugandi.

Kipimajoto: Na siku injini ikigoma?

Dereva_wa_Machweo: Mnashuka mnasukuma 😂

Bi_Kreta: Mi niwaambie yaliyonikuta maana niliwahi kutengeneza modeli ya hiyohiyo sayari, kreta nikachonga kwenye lile povu jeupe gumu linalokuja na boksi la tivii, jua nikaweka balbu ya ule mtindo wa zamani ya wati 100, nikaiacha inawaka nikaenda kunywa chai, narudi harufu chumba kizima, ukingo wote umenywea na vijitu vyangu vya udongo vimezama mpaka kiunoni, na wageni nje wanagonga mlango.

Fuko: Wangekuwa handakini wangepona.

MzeeZohali: Mnahangaika na Utaridi wakati Zuhura kule juu mawinguni joto linavumilika.

Ncha_Kaskazini: Utasimama juu ya nini, mzee? Utaridi walau kuna ardhi, na uzito wako unabaki asilimia 38, karibu sawa na Mirihi.

MchoraSayari: Samahani nilisahau, watu 12, wanakaa moja kwa moja. Ila na mimi povu nishanunua... Bi Kreta, balbu za LED nazo zinayeyusha?

Bi_Kreta: Hazichomi hivyo, ila weka mbali. Gundi umenunua ipi?