Gogo la mwarobaini: tulilaze chini au tuliinue?

Mtaa_Kijani: Habari wakuu. Mwarobaini umeanguka kando ya uwanja wa mtaa, Tanga. Gogo lina urefu wa m 2.4, kipenyo sm 60. Tunataka benchi la watu wote. Tulilaze tu juu ya udongo?

Randa_Kali: Usithubutu. Mchwa na unyevu vitalila kuanzia tumboni. Mwaga miguu miwili ya zege, sm 10 juu ya ardhi, kila mmoja sm 50 kutoka ncha ya gogo. Pachika nondo ya mm 16 iingie sm 10 kwenye tundu chini ya gogo, lisibiringike wala kubebwa usiku. Kata bapa la sm 25 juu: zinabaki sm 35, ukijumlisha miguu ni sm 45, kimo kizuri cha kukaa. Gome bandua lote, bungua hujificha humo.

Msasa80: Uso wa kiti uteremke sm 1 kuelekea mbele, maji yasituame. Nyufa hazikwepeki moyo wa mti ukibaki ndani, kwa hiyo chana mfereji upande wa chini hadi karibu na moyo; gogo litapasukia huko, si kwenye kiti. Ncha zipake nta siku ileile ya kukata.

Mtaa_Kijani: Oili chafu je?

Msasa80: Hapana! Itachafua kanga za watu miezi mingi. Subiri likauke, upake mafuta ya kitani mara mbili.