Tupeane uzoefu: msaada wa kisheria wa bei nafuu ughaibuni kwa anayejua Kiingereza tu

#1
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoijua kazi hii. Mtu anaishi nchi ambayo mahakama na ofisi zake hazitumii Kiingereza, na Kiingereza ndiyo lugha pekee anayoimudu huko. Akigombana na mwajiri au mwenye nyumba, au likija suala la talaka au mirathi, anakimbilia mtandaoni kutafuta "wakili anayezungumza Kiingereza", na hapo ndipo anapolanguliwa. Tuelezane njia za kupunguza gharama, na wapi watu wanakosea. Tusiandike "tafuta wakili mzuri", hilo kila mtu analijua.

#2
Naanza na orodha za ubalozi. Serikali za Uingereza na Marekani huweka mtandaoni orodha za mawakili wanaomudu Kiingereza katika nchi nyingi. Ni bure, na si lazima uwe raia wao ili kuzisoma. Ila jina la wakili kuwemo humo halimaanishi ubalozi umempima au unamdhamini. Ubalozi hautakulipia wala hautakupa ushauri wa kisheria.

Chagua mawakili watano, waandikie wote barua pepe ileile isiyozidi nusu ukurasa: ni nani mnayezozana, kiasi gani, tarehe za matukio makuu, unataka nini, na siku ya mwisho ya kujibu barua uliyopokea. Kisha uliza bei waziwazi. Ni kwa saa au kwa mkupuo? VAT imo? Ada za mahakama na tafsiri zimo? Kazi ataifanya yeye au msaidizi wake? Anayekwepa kujibu hayo kwa maandishi, achana naye mapema. Ujerumani kuna kinga ya kisheria hapa: kama hamkuandikiana bei, ushauri wa kwanza kwa mtu binafsi hauwezi kuzidi yuro 190, VAT juu yake.

#3
Mkuu #2 amegusia siku ya mwisho kwa mstari mmoja, lakini hapo ndipo kesi nyingi zinapofia. Ujerumani, aliyefukuzwa kazi ana wiki 3 tangu apokee barua kufungua shauri mahakama ya kazi. Hispania ni siku 20 za kazi. Zikipita, hata kama mwajiri alikosea kabisa, kwa kawaida mlango umefungwa.

Kutoielewa lugha ya barua hakusimamishi saa. Ile bahasha ya njano ya Ujerumani inayobeba barua rasmi, ambayo mtu wa posta huiandikia tarehe kwa mkono, muda unahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, hata kama imelala kwenye sanduku lako la barua. Ikiwa ndani kuna amri ya malipo ya mahakama, una wiki 2 tu za kupinga, na fomu ya kupinga inakuja pamoja nayo. Kuijaza hakuhitaji wakili. Lakini usiandike barua ya Kiingereza ukadhani umepinga, maana lugha ya mahakama zao ni Kijerumani.

Kwa hiyo piga picha bahasha pamoja na barua, na itafsiri kwa simu siku hiyohiyo. Tafsiri ya simu inatosha kukuonyesha tarehe na jina la ofisi, ila usiitegemee kwa maana ya kifungu cha mkataba.

#4
Watu wanasahau kwamba msaada wa kisheria wa serikali mara nyingi unaangalia kipato na makazi, si pasipoti. Nchi ninazozifahamu:

Uholanzi, anza na Juridisch Loket (ofisi za ushauri wa kisheria), ushauri wa kwanza ni bure. Ufaransa kuna vituo vinavyoitwa point-justice, bure pia, na ukihitaji wakili unaomba aide juridictionnelle, yaani msaada wa serikali, ambao hulipa gharama zote au sehemu. Hispania, uliza chama cha mawakili cha mkoa kuhusu justicia gratuita (wakili wa bure kwa wenye kipato kidogo). Ujerumani unakwenda Amtsgericht (mahakama ya chini) ya unakoishi kuomba hati ya Beratungshilfe, yaani msaada wa ushauri kwa wenye kipato kidogo. Ukiipata, wakili anaweza kukudai yuro 15 tu kwa ushauri. Japani kuna Houterasu, taasisi ya msaada wa kisheria iliyoanza mwaka 2006, na ina huduma ya maelezo kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwemo.

Kinachokwamisha maombi si sheria, ni karatasi. Nenda na hati za mshahara, taarifa za benki za miezi ya karibuni, mkataba wa pango na uthibitisho wa makazi. Na omba KABLA wakili hajaanza kazi. Ukianza naye kwa bei ya kawaida ndipo ukaomba, mara nyingi gharama za nyuma zinabaki zako.

#5
Kuna jambo ambalo bado halijasemwa: unalipia vitu viwili kwa bei moja, yaani sheria na Kiingereza. Vitenganishe. Kampuni inayojitangaza kwa wageni huweka Kiingereza ndani ya kila saa inayokutoza, hata saa ambazo wakili anaandika hati kwa lugha ya nchi na wewe hupo. Wakili wa mtaani wa kesi za pango, pamoja na mkalimani wa saa moja kwenye kikao cha kwanza na saa nyingine kabla ya kusaini, mara nyingi hushuka bei kuliko hao. Mengine yote muandikiane. Maandishi yanatafsirika kwa utulivu.

Jambo la pili ni notari. Marekani ni mtu wa kushuhudia saini tu, na kwa kawaida si wakili. Ufaransa, Hispania, Ujerumani na Italia ni mwanasheria kamili anayeandaa hati za nyumba, lakini hasimami upande wako. Mnunuzi anayesema "notari ameshaangalia" hajawa na mtu wa kumtetea bado.

#6
Naafiki #5, ila kwa mashaka kidogo. Mkalimani asiwe mwenza wako wala rafiki wa mwajiri, hasa kwenye talaka. Na kwenye jinai usilipe mkalimani kabisa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark, agizo la 2010/64 linampa mshukiwa ukalimani na tafsiri ya nyaraka muhimu bila malipo, kesi iishe vyovyote. Tena, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, ibara ya 36, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kwamba anaweza kutaka ubalozi wake upewe taarifa. Sema unataka. Usisaini maelezo ambayo hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

#7
Kwa kifupi: chama cha wapangaji na chama cha wafanyakazi. Ada ya mwaka huwa ndogo kuliko saa moja ya wakili, na wanazijua barua za aina hiyo kwa moyo. Bima ya gharama za kisheria nayo ni nzuri, lakini nyingi zina muda wa kungoja, mara nyingi miezi 3, na hazilipii mgogoro ulioanza kabla ya bima. Kukata bima baada ya kupokea barua ya kufukuzwa ni kutupa pesa.

#8
Kwenye nyaraka, pesa nyingi hupotea kwa kufuata mpangilio mbaya. Cheti cha kuzaliwa au cha ndoa: kwanza pata nakala mpya, kwa sababu ofisi nyingi hukataa iliyozidi miezi 3 au 6. Pili, apostile (muhuri unaothibitisha hati ili itambulike nchi nyingine), kutoka nchi iliyotoa cheti, si unakoishi. Tatu ndipo mtafsiri aliyeapishwa, maana apostile yenyewe nayo mara nyingi hutakiwa itafsiriwe. Ukitanguliza tafsiri unaweza kulipa mara mbili. Na hakikisha mtafsiri anatambuliwa na nchi inayopokea.

Apostile inafanya kazi tu kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961. China imeanza Novemba 2023 na Canada Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani mtandaoni yatakupeleka ubalozini bila sababu.

#9
Swali: mtu anadai amana ya nyumba, yuro 1,800, mwenye nyumba yuko nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya. Wakili ni lazima?

#10
Si lazima. Kuna utaratibu wa Ulaya wa madai madogo, kikomo yuro 5,000 bila riba na gharama, nchi zote isipokuwa Denmark. Unajaza Fomu A, unaambatisha mkataba, uthibitisho wa malipo na picha za nyumba siku ya kutoka. Kwa kawaida unaendeshwa kwa maandishi. Wengi hujikwaa kwenye kuchagua mahakama yenye mamlaka na kwenye lugha: fomu ijazwe kwa lugha ya mahakama hiyo. Fomu ipo mtandaoni kwa lugha zote za Umoja, kwa hiyo ifungue ya Kiingereza pembeni na ujaze ile nyingine kisanduku kwa kisanduku. Kama wakili atahitajika, mlipe asome fomu mara moja kabla ya kutuma, kwa mkupuo.