Gia namba mbili inakwaruza, fundi anasema ninunue gia boksi nzima, naombeni ushauri

PikapuMakambako
Habari za jioni wakuu. Nina Hilux ya dizeli, gia tano, siyo otomatiki, nabebea viazi kutoka Njombe kuja huku Makambako. Sasa nikiwa kwenye mlima nikitoka namba tatu kurudi mbili inapiga krrrr mpaka abiria anageuka kuniangalia, asubuhi gari ikiwa baridi ndo balaa zaidi. Moja kwenda mbili inaingia japo inasita. Namba zingine freshi kabisa. Fundi kaizungusha kidogo tu kasema gia boksi imekufa nitafute nyingine used, hajafungua chochote. Hiyo hela ni ya msimu mzima jamani. Ni lazima kweli?

BabaDee
Pole mkuu, usinunue kitu kwanza. Washa gari, kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo afu weka rivasi, inaingiaje? Gari nyingi rivasi haina sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha spidi za gia kabla hazijaingia, kwa hiyo kama klachi haiachii vizuri italia hapo hapo. Ikilia anza na masta za klachi (pampu za mafuta yake), ya juu na ya chini, uone kama zinavuja.

PikapuMakambako
Nimejaribu sasa hivi mkuu, rivasi imeingia kimya.

FundiGiaboksi
Basi klachi haina kesi. Ikilia gia moja peke yake na zingine ziko poa, hiyo ni sinkronaiza ya namba hiyo. Ngoja nikueleze ili usiyumbishwe.

Ndani ya gia boksi meno ya gia za mbele yameshikana muda wote, hayaachani. Gia ya namba mbili inazunguka bure juu ya shafti kwa spidi yake, na shafti inaenda kwa spidi ya matairi. Ukivuta mkono wa gia unasukuma bangili ya chuma yenye meno kwa ndani, tunaita slivu, ndo inaenda kuifunga ile gia kwenye shafti. Shida ni kwamba hivyo viwili vinazunguka tofauti. Mfano unatoka moja kwenda mbili: kwenye namba moja injini inazunguka mara 3.6 shafti ikizunguka mara moja, kwenye namba mbili ni mara 2.0. Injini ikiwa mizunguko 3000 kwa dakika, maana yake shafti inazunguka kama 833 lakini gia ya pili iko 1500... hiyo siyo tofauti ndogo, lazima moja imfuate mwenzake kabla meno hayajakutana. Ni kama kudandia daladala inayotembea, unakimbia nayo sawa kwanza.

Kazi hiyo inafanywa na ringi ya shaba. Slivu ikianza kusogea inaibana ringi kwenye koni ya gia, msuguano unavuta spidi mpaka zilingane, na muda wote huo meno ya ringi yanaizuia slivu isipite. Zikilingana ndo ringi inalegea na slivu inapita kimya. Ile mistari midogo ya ndani ikiisha, ringi inateleza tu, slivu inapita kabla ya wakati, hiyo krrrr ni meno yanagongana. Kupanda gia ni nafuu maana oili yenyewe inasaidia kupunguza spidi, ila kurudi tatu kwenda mbili ringi inatakiwa iongeze spidi ya gia pamoja na sahani ya klachi, ndo maana kwako inalia huko.

MamaSpea
Na oili je? Wateja wengi wananunua ile ile ya difu wanamwaga na kwenye gia boksi. Oili za gia zina madaraja yameandikwa kwenye kopo: difu inataka GL-5, gia boksi nyingi za zamani zinataka GL-4. GL-5 nyingine inateleza mno ringi zishindwe kushika, na dawa zake zinaweza kula shaba. Soma kitabu cha gari yako usikubali tu "nipe namba 90".

DerevaMasafa
Wakati unajipanga piga dabo klachi. Kanyaga, weka nyutro, achia klachi, gusa mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena weka mbili. Sisi wa malori yenye gia boksi ya Road Ranger hatuna sinkronaiza kabisa na tunashuka mlima Kitonga kila wiki. Na usipumzishe mkono juu ya gia ukiwa unaendesha, unaibana bure foku, kile chuma kinachosukuma slivu.

PikapuMakambako
Asanteni sana aisee, dabo klachi imekubali, kelele hamna. Nimemwaga oili kuna vumbi la njano linang'aa, nimepitisha sumaku halijashika.

FundiGiaboksi
Hilo ni shaba, ringi inaisha. Vipande vinavyoshika sumaku ndo vingenitisha. Tafuta fundi anayefungua mbele yako. Ringi aiweke kwenye koni, aibane kwa mkono aizungushe, ikiteleza imekwisha, na nafasi iliyobaki kati ya ringi na gia apime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) alinganishe na kitabu. Afu mwambie akuonyeshe ncha za meno ya slivu na meno madogo ya gia ya pili. Kama bado zimechongoka, badilisha ringi tu, na ya namba tatu pia kwa sababu boksi tayari iko chini. Kama zimekuwa butu nunua na slivu na hiyo gia, la sivyo ringi mpya haitamaliza hata msimu wa viazi.

PikapuMakambako
Sawa fundi, Jumatatu inashushwa na mimi nikiwepo. Picha za meno nitaziweka humu kabla sijanunua spea.