Jua la Dar: losheni ya jua, pama au krimu ya jirani?

MamaSalma_Kkoo: Wapendwa habari zenu. Kazi yangu kuzungukia maduka nachukua oda, yani asubuhi mpaka jioni niko juani na sasa hivi uso umekuwa mweusi kuliko shingo, na mashavuni vidoa vimeanza. Nawaza losheni ya jua ya SPF 50, ile namba ya nguvu ya kinga (bei yake mh!), au pama na mtandio, au kuna krimu ya kurudisha rangi kanipa jirani, kopo halina hata lebo. Kipi afadhali?

Mpemba_Mtata: Dada hiyo ya jirani weka pembeni. Kopo bila lebo mara nyingi ndo mkorogo wenyewe, ina zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi zilizopigwa marufuku. Halafu inakuondolea ile melanini, rangi ya asili ya ngozi ambayo ndo kinga yako, ukitoka saa saba mchana unaungua kuliko mwanzo. Mwisho uso Fanta vidole Coca 😂

DawaBaridi: Mimi niko famasi. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB (ile ya jua inayounguza), 50 asilimia 98, kwahiyo usijiumize mfuko, ila hakikisha pakiti imeandikwa inazuia na UVA, miale ile mingine inayoingia ndani zaidi ya ngozi. Minya losheni mistari miwili, urefu wa vidole viwili, ndo upake uso na shingo, rudia kila masaa mawili, maana wengi wanapaka katone asubuhi wakitoka ndo basi tena wanasema haifanyi kazi. Kwa vidoa tafuta zile zenye rangi ya ngozi, zina oksidi ya chuma, zinazuia hata mwanga wa kawaida ambao kwa sisi weusi unachochea vidoa, na hazikuachi mweupe kama umepakwa unga wa muhogo.

Kijana_Moshi: Nina ualbino, Kilisun, losheni ya jua inayotengenezwa hapa Moshi hospitali ya KCMC kwa ajili yetu, naijua vizuri, lakini pama na shati la mikono mirefu sivui. Losheni inaondoka na jasho, kitambaa kiko palepale. Ningekuwa wewe naanza na pama, na sio kapelo, kapelo inaacha masikio na shingo.

BintiTanga: Mwamvuli msimshauri, Kariakoo ile utamtoa mtu jicho. Na wale wa liwa, bibi alikuwa anapaka, ngozi laini inanukia, ila sio ya jua jamani. Mi nauliza, vidoa sawa, lakini uso kuiva kidogo kosa liko wapi? Maji ya kunde akiiva anaambiwa kafubaa, mweusi tii naye anaambiwa apake kitu, sasa nani yuko salama hapa mjini

MamaSalma_Kkoo: 😂😂 Asanteni. Krimu nimemrudishia mwenyewe, kanuna. Nachukua pama na SPF 30 yenye rangi. Sasa DawaBaridi, huko barabarani na vumbi na jasho narudiaje kupaka?

DawaBaridi: Futa kwanza na leso safi, kwa kugusagusa usisugue, ndo upake. Na vidoa visipotulia nenda kwa daktari wa ngozi, vingine vinatokana na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango.

MamaSalma_Kkoo: Vidonge?? Nakuja inbox.