Naomba ushauri: kuzalisha data za majaribio kutoka kwenye skima badala ya kuziandika kwa mkono

Mjenzi_Mifumo

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa aliyewahi kupita njia hii.

Tuko watatu, tunatengeneza mfumo wa wanachama wa SACCOS. Upande wa seva tunatumia TypeScript, na kila kinachoingia kinapita kwanza kwenye skima ya Zod (maktaba ya msimbo; skima ni maelezo ya umbo la data yanayokagua kama kilicholetwa kinafaa): majina, namba ya NIDA, simu, akiba, mdhamini. Skima inafanya kazi yake vizuri. Shida ni data za majaribio. Tuliziandika kwa mkono tangu mwanzo, "Juma Ali" yuleyule kwenye faili zaidi ya arobaini. Juzi tumeongeza mrithi kuwa sehemu ya lazima, majaribio karibu yote yakaanguka, nikakesha siku mbili nabandika mstari uleule faili baada ya faili.

Kabla ya hapo tuliwahi kunakili data halisi na kuziweka kwenye seva ya majaribio. Mwenzangu akajaribu kipengele cha kukumbusha marejesho, na mama mmoja akapata meseji saa nne usiku kwamba mkopo wake umechelewa. Hakuwa na mkopo wowote. Asubuhi alifika ofisini na vitabu vyake vyote vya akiba, amebeba kwenye mfuko. Sitaki kurudi huko tena.

Nimeona kuna maktaba zinazosoma skima na kutoa data zenyewe. Nimejaribu moja, ikanipa namba za NIDA ambazo skima hiyohiyo inazikataa! Kwenye NIDA nimeweka kanuni yangu mwenyewe kwa refine. Nimekosea wapi?

Kaskazi

Pole mkuu, na pole kwa huyo mama. Maliza kwanza hilo la data halisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwanachama aliwapa taarifa zake kwa ajili ya akiba. Futa nakala hizo leo, hata zilizobaki kwenye kompyuta za wenzako.

Halafu kwenye seva ya majaribio zima kabisa utumaji wa meseji. Usidhani simu za kubuni zitakuokoa. 255, kisha 7, kisha tarakimu nane za kubahatisha: kuna uwezekano mkubwa hiyo ni laini ya mtu.

Fundi_Skima

Hujakosea, mkuu. Kizalishi, yaani maktaba hiyo inayotoa data, kinasoma kile ulichokitangaza: hili ni neno lenye herufi 2 hadi 50, hii ni namba isiyopungua sifuri, hii ni orodha. Refine ni fanksheni, yaani kipande cha msimbo ulichokiandika mwenyewe. Kizalishi hakioni ndani yake, kinaweza tu kuipa thamani na kusubiri jibu la ndiyo au hapana. Ndiyo maana vingine vinaipuuza, kama hicho ulichojaribu, na vingine vinatoa thamani ovyo na kutupa zisizopita.

Sasa piga hesabu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Miaka 120 ina siku kama 43,800. Tarakimu nane zina michanganyiko milioni 100. Kwa hiyo katika namba 10,000 za kubahatisha, nne hivi ndizo zitakazoanza na tarehe inayokubalika. Kizalishi cha kutupa kitachoka kabla hujapata wanachama kumi.

Dawa ni kuijenga namba. Chagua tarehe kwanza, iandike mwaka, mwezi, siku, kisha ongeza tarakimu 12. Maktaba nyingi zinakuruhusu kuweka kizalishi chako kwa sehemu moja na kuacha nyingine zijiendeshe. Matokeo yote yapitishe kwenye skima kabla ya kuyatumia, ili kikikosea ujue palepale, si baada ya hatua sita.

Angalia pia kama skima yako inabadilisha data njiani. Sisi simu inaingia 0712 na inatoka +255712. Zod inatofautisha umbo linaloingia na linalotoka, na seva inataka linaloingia. Hapo nilipoteza wiki nzima.

Kwenye majaribio yako, andika fanksheni moja tu, mfano tengenezaMwanachama, nawe utaje kile tu jaribio linachokihusu: akiba iwe sifuri, basi. Ukiongeza mrithi kwenye skima, faili zako arobaini hazitaguswa.

Mjenzi_Mifumo

Nimeelewa mkuu, asante sana. Kwa hiyo data zote za mkono nizifute?

Mhakiki_Ubora

Ndugu yangu, usizifute zote. Skima ni dhana yako kuhusu watu. Data inayozaliwa nayo itakubaliana nayo siku zote, hata pale dhana ilipokosea.

Nilifanya kazi kwenye mradi ambao jina liliruhusiwa herufi A hadi Z na nafasi tu. Majaribio maelfu yalipita. Tulipoanza kuandikisha Usukumani, watu kama kina Ng'wandu wakakataliwa. Karani kwa nia njema akaandika Ngwandu, jina likawa halilingani na kitambulisho, na malipo ya watu yakasimama. Tukarekebisha, tukaruhusu alama ya king'ong'o. Baada ya siku chache wakakataliwa tena, kwa sababu simu nyingine huandika alama iliyopinda badala ya iliyonyooka! Hakuna kizalishi ambacho kingetuambia hayo. Yalitoka kwa watu waliopanga foleni juani.

Kwa hiyo weka orodha fupi ya mkono karibu na skima: Ng'wandu kwa alama zote mbili, aliyezaliwa 29 Februari, mwenye jina moja tu.

Mbegu_Moja

Nyongeza mbili. Data ikiwa ya kubahatisha, kila jaribio lichapishe mbegu yake (namba inayoanzisha ubahatishaji; ukiirudisha unapata data zilezile), la sivyo litaanguka leo na kesho lisirudie. Maktaba ya fast-check inafanya hivyo, tena ikipata kosa hulipunguza mpaka libaki lile dogo kabisa. Wazo la kujaribu kwa data za kubahatisha namna hii lilienezwa na QuickCheck ya Koen Claessen na John Hughes, waliyoitoa mwaka 2000 kwa ajili ya lugha ya Haskell. Wa Python wana Hypothesis.

Pili, zalisha na data mbovu. Chukua mwanachama halali, haribu sehemu moja tu, hakikisha seva inamkataa kwa sababu hiyo na si nyingine. Zile sehemu za hiari pia ziwe zinakosekana mara kwa mara.

Mjenzi_Mifumo

Wakuu, narudi na mrejesho. Nakala za data halisi zimefutwa na meseji zimezimwa. NIDA naijenga kutoka kwenye tarehe na skima inazipokea zote. Hilo la sehemu za hiari limenifunulia jambo saa hiyohiyo: mwanachama asiye na mdhamini anaangusha ukurasa wa taarifa ya mkopo. Juma Ali wetu alikuwa na mdhamini miaka yote.

@Mhakiki_Ubora, kwenye jina moja nimekwama. Fomu yetu inalazimisha majina matatu, na sijui watu hao wanaandikwaje sasa hivi. Kesho asubuhi naenda kukaa na karani pale dirishani nione mwenyewe.