Mrejesho: safari ya kuwaona mbweha wa Ethiopia, uwanda wa Sanetti

Niliuliza hapa kama mtu asiyezoea milima anaweza kuwaona mbweha wa Ethiopia katika milima ya Bale, kusini mwa Ethiopia, bila kutembea mwendo mrefu. Nawashukuru sana mlionijibu. Inawezekana kabisa, kwa sababu barabara itokayo mji wa Goba hupita juu ya uwanda wa Sanetti, kwenye kimo cha takriban mita 4,000, na mbweha hao huwinda mchana, saa ambazo panya na mafuko wakubwa hutoka mashimoni.

Tulimtazama mmoja, manyoya mekundu na koo jeupe, akinyata tumbo likigusa majani, kisha akasimama kimya mbele ya shimo huku fuko akichomoza kichwa tu kuvuta majani. Mbweha hao waliokomaa waliobaki duniani hawazidi 500, na kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa wa wafugaji kinawaua. Kwa hiyo nawasihi msimkaribie mnyama kwa ajili ya picha.

Ushauri wenu wa kulala kwanza Dinsho, mji mdogo ulio chini ya uwanda huo, ulinifaa mno: mwili ulizoea hewa nyepesi, na nyala wa milimani, aina ya swala wakubwa, tuliwaona hapohapo, karibu na ofisi za hifadhi ya taifa ya milima ya Bale. Nendeni kati ya Novemba na Februari, wakati wa ukavu, mkiwa na nguo nzito, kwani usiku maji huganda.