Bomba la mafuta la Alaska: mapezi juu ya nguzo ni ya nini?

Muulizaji: Wakuu, bomba la Prudhoe Bay hadi Valdez lina urefu wa kilomita 1,287, na zaidi ya nusu limeinuliwa. Kwa nini lisifukiwe lote?

Jibu 1: Mkuu, mafuta hutoka kisimani yakiwa ya moto. Ukilifukia kwenye udongo wenye barafu nyingi, barafu inayeyuka, ardhi inatitia, bomba linapinda. Ndiyo maana limeinuliwa juu ya nguzo, na ndani ya nguzo nyingi mna mirija ya amonia ya kuifanya ardhi ibaki imeganda. Wakati wa baridi kali amonia huchemka chini ikinyonya joto la udongo, mvuke hupanda hadi kwenye mapezi ya alumini (vibati vya kutawanya joto), hupoa, kisha hushuka ukiwa kimiminika. Hakuna pampu wala umeme. Kazi safi sana!

Jibu 2: Ila gesi ya haidrojeni huweza kujikusanya kwenye ncha ya juu ya mrija na kuzuia mvuke. Ikitokea hivyo, kamera ya joto itaonyesha ncha ikiwa baridi kuliko sehemu iliyo chini yake, usipuuze.